Kindi Arukaye na Kuvu ya Aspeni

Espoo, Ufini
Mwezi Mei

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote, napenda kujibu hoja yako kwamba kindi arukaye ni pambo la msitu wa huku, ilhali kuvu inayoozesha miti ni adui wake. Sikubaliani nawe hata kidogo.

Kindi huyu, Pteromys volans, ana uzito wa gramu 150 hivi na ngozi iliyounganisha mkono na mguu, ambayo huitandaza usiku akajiachia kutoka mti hadi mti, makumi ya mita. Katika Umoja wa Ulaya hupatikana Ufini na Estonia tu, na sheria inakataza kuharibu mahali anapozalia na kupumzikia. Ndiyo maana, theluji inapoyeyuka, wakaguzi huinama kwenye mashina wakitafuta kinyesi chake, vipunje vya manjano vilivyo sawa na punje za mchele.

Kuvu, Phellinus tremulae, haina anayeihurumia. Spora zake, yaani mbegu zake ndogo kama vumbi, hupeperushwa na upepo zikaingia kwenye aspeni, mti wa majani mapana wa huku kaskazini, kupitia kovu la tawi lililokufa. Kisha kuvu huila lignini (kitu kinachoupa mti ugumu) ya moyo wa mti kwa miaka mingi, huku mti wenyewe ukiendelea kuchanua majani. Penye kovu hutokeza uyoga mgumu, mweusi na wenye nyufa upande wa juu, wa kahawia upande wa chini. Karibu na hapo ndipo kigogota hupenda kutoboa, kwa kuwa moyo umelainika, na akishalea makinda yake akaondoka, kindi hulirithi tundu.

Uwazi mpana uliokatwa miti humzuia kindi, ilhali spora huuvuka bila shida. Lakini spora nayo isipoangukia aspeni, safari yake ni bure. Kwa bahati mbaya, wenye misitu waliiondoa miti hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu hubeba kutu, ugonjwa wa kuvu unaopinda misonobari michanga. Kumlinda kindi bila kuachia aspeni zizeeke na kuoza ndani ni kulinda mpangaji na kubomoa nyumba.

Wewe uliye bwana misitu, niandikie: mnapopima miti huko kwenu, shina lililooza moyo lakini lingali hai mnaliandika vipi kwenye daftari, nalo huachwa au hukatwa?

Wasalaam,
Rafiki yako