Tuchangie damu kabla mgonjwa hajawa wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi yetu ya kungoja mpaka jamaa yetu alazwe ndipo tukumbuke kuchangia damu.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili alitokwa na damu nyingi mno, na wakati sisi ndugu tukiulizana nani ana kundi gani, muuguzi alikuwa amekwisha kutundika chupa ya kwanza. Niliisoma karatasi iliyobandikwa juu yake: kundi O, namba, tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho wa matumizi, basi. Aliyeitoa alikwenda zake bila kujua kwamba ingemwokoa mama wa watoto wangu. Tangu hapo nachangia, na kila ninapolala pale nikifumba na kufumbua kiganja, huona kwamba nalipa deni ambalo mwenyewe hatakuja kulidai.

Hata kama sisi ndugu tungetolewa damu palepale, ingelazimu kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na mzazi anayevuja damu hana muda huo. Inayomwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye jokofu. Nayo haiwekwi akiba ya mwaka mzima, kwa kuwa chembe nyekundu hudumu wiki chache tu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 5 hivi. Tumewaachia wanafunzi wa sekondari sehemu kubwa ya mzigo huu, ndiyo maana shule zikifungwa benki za damu hupungukiwa, ilhali watoto wenye malaria kali na selimundu wanaendelea kufikishwa wodini. Sisi watu wazima wenye afya na kilo zaidi ya 50 tuko wapi? Mwanamume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4.

Kuhusu viungo, jambo ni zito zaidi. Upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017 umetegemea ndugu walio hai, na wenye moyo huo nawavulia kofia. Mimi nimewaambia wanangu kwamba nikifa, sheria na madaktari wakiruhusu, wasisite kutoa kiungo changu chochote kitakachomfaa mtu mwingine. Mama yangu mzazi aliposikia hayo alinyamaza, kwani kwetu marehemu huzikwa akiwa kamili. Hofu yake naiheshimu, na ningependa viongozi wetu wa dini watusaidie kuizungumza waziwazi.

Kwa sasa ombi langu kwa wahusika ni kwamba likizo za Juni na Desemba zipangiwe ratiba maalumu ya kuchangia damu misikitini, makanisani na viwandani, itangazwe mapema, ili mfanyakazi aweze kuomba ruhusa kwa mwajiri wake.

Wako,
Mkazi wa Kihonda,
Morogoro