Barua taka: aulizwe nahodha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuumiza sisi wenye nyumba ndogo za wageni hapa Lamu.

Novemba iliyopita familia moja kutoka Ufaransa iliniandikia barua pepe ikitaka vyumba viwili kwa siku tisa. Niliijibu siku ile ile. Kimya. Nikawawekea vyumba, nikasubiri, vikalala vitupu. Kumbe jibu langu liliangukia kwenye barua taka upande wao, na walipoliona walikuwa wameshalipa kwingine. Wiki hizo hizo kikasha changu kilifurika urithi wa watu nisiowajua, mikopo nisiyoomba na ankara bandia, zote zimepita salama salimini.

Kila nikilalamika huambiwa, "Zifute tu, mama." Nakataa. Nikizifuta leo, kesho zimerudi, na katika kufuta huko ndiko barua ya mgeni wa kweli inakopotelea.

Pale gatini, boti ikipakia kupita kiasi, anayeulizwa si abiria aliyekaa ubaoni. Ni nahodha. Barua pepe nazo zina manahodha: kampuni zinazompa mtumaji mashine, anwani na njia ya kupitishia. Hao ndio wanaoweza kuona mtu mmoja akitoa barua laki moja kwa usiku mmoja. Mimi naiona moja, ile iliyonifikia.

Tangu mwanzo ilikuwa hivyo. Mei 1978 muuzaji wa kompyuta wa Marekani, Gary Thuerk, alipowapelekea watu karibu 400 tangazo moja kwa mpigo, waliomkemea walikuwa wasimamizi wa mtandao wenyewe. Na Novemba 2008 kampuni iliyoitwa McColo, kule California, iliyokuwa ikihifadhi mitambo ya watumaji wakubwa, ilikatiwa njia na kampuni zilizokuwa zikiiunganisha na intaneti. Barua taka za dunia nzima zikashuka kwa zaidi ya nusu. Hakuna mpokeaji aliyefundishwa kufuta chochote. Watu husema zilipanda tena baada ya miezi michache. Ni kweli zilipanda, kwa sababu wale watumaji walihamia kwingine wakapokelewa. Nani aliwapokea? Swali langu ni hilo hilo.

Kuna wanaohofia kwamba kampuni zikipewa jukumu hili zitaanza kusoma barua zetu. Nahodha hahitaji kupekua mizigo ili ajue boti imejaa. Idadi ya barua zinazotoka na malalamiko ya wanaozipokea yanatosha kumshtua.

Lakini lililoniuma zaidi ni hili. Kanuni za kupeleka barua pepe zilizoandikwa mwaka 1982 hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Mtu aliweza kuandika jina lolote, hata langu. Baadaye zikatengenezwa alama za uthibitisho, SPF, DKIM na DMARC, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai kwa wanaotuma barua kwa wingi; kwa Google, wingi huo ni kuanzia barua 5,000 hivi kwa siku. Hata sisi wadogo, tusipokuwa nazo hutiliwa shaka. Kijana fundi wa hapa Langoni alikaa nami saa nzima akanionyesha kwamba anwani ya barua pepe ya nyumba yangu haina hata moja. Kampuni ninayoilipa kila mwaka haikuziweka, wala haikunieleza kwamba zipo. Walaghai wanajua kuziweka. Mimi mwenye haki nikaonekana mlaghai, kwa uzembe wa nahodha niliyemlipa nauli.

Sheria hatukosi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, na faini yake inafika shilingi milioni 5. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini kampuni ya mikopo ya simu, mkahawa na shule. Meno anayo, basi. Namwomba awageukie wanaouza orodha za anwani, na pia kampuni za hapa nchini zinazowabeba watumaji hao huku zikipokea malalamiko na kunyamaza. Naziomba kampuni hizo zimwekee kila mteja alama za uthibitisho siku ile ile anayolipa, bila kungoja aombe, kwani wengi wetu hatujui la kuomba.

Mwezi uliopita kijana alinijia barazani akiniuzia orodha ya anwani elfu kumi za watalii, kwa shilingi elfu tatu. Nilimwuliza wenye anwani walikubali lini. Akafunga kompyuta yake akaondoka. Jioni ile nililitoa daftari la wageni mezani, mahali lilipokuwa wazi miaka yote, nikalitia kabatini. Sasa mgeni akitaka kuandika anwani yake namwuliza kwanza kama anapenda tumwandikie.

Mwenye nyumba ya wageni,
Langoni, Lamu