Migomba ya Northiam

Hastings, 22 Septemba

Mpendwa Koku,

Salamu nyingi sana. Huku Uingereza sisi wazima, baridi tu ndiyo imeanza kutuchokoza. Mpe Ma Geni shikamoo yangu, na umwambie asimsikilize kaka yako Deo, kifurushi kipo njiani.

Nimeisikiliza ile voisi yako. Kwa hiyo kaka yako bado amesimama kidete kwamba migomba ya marehemu baba haing'olewi hata shina moja? Na mnyauko, huo ugonjwa wa migomba, unazidi kushuka kuelekea upande wa kahawa? Nilitaka kukupigia, lakini zamu zimenibana, halafu najua tungeishia kumsengenya Deo saa nzima. Bora niandike. Kuna kitu nimekiona huku kinachoingia humo humo kwenye ugomvi wenu, ila itabidi univumilie, maana nitakuzungusha kwanza.

Yule mzee ninayemhudumia ana ugonjwa wa bustani. Miguu haifanyi kazi lakini majina ya maua yote anayo kichwani. Wiki iliyopita nikampeleka na kiti chake cha magurudumu hadi Great Dixter, nyumba ya kale iliyoko kijiji cha Northiam, si mbali na mpaka wa Kent. Usifikirie kasri la mfalme. Ni nyumba ya mbao za mwaloni ya karne ya 15, na baraza la mlangoni limeinama upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Kiingilio kinauma, chai yao inauma zaidi.

Mwaka 1910 aliinunua bwana mmoja, Nathaniel Lloyd, aliyepata fedha zake kwenye uchapaji. Akamwita msanifu majengo Edwin Lutyens. Sasa sikia walichofanya: walipoona nyumba ni ndogo kwa familia, wakaenda Benenden, huko Kent, wakanunua nyumba nyingine ya kale iliyokuwa imebaki gofu, wakaifumua boriti kwa boriti, wakaisafirisha, wakaisimamisha nyuma ya hii. Lutyens akajenga kipande kipya cha kuziunganisha. Ndani ya ukumbi mkubwa, watu wa karne zilizofuata walikuwa wameweka dari na vyumba. Akavitoa vyote ili paa lionekane tena. Basi mgeni anaingia, anaguna, anasema ona jinsi wazee walivyotunza! Kumbe ni nyumba mbili za ukoo tofauti na kiungo cha juzi juzi tu. Vita vya Kwanza vilipokuja, ukumbi huo huo ukawa wodi ya askari majeruhi.

Hayo ya nyumba nayapita, maana mzee hakukubali tukae ndani. Alitaka bustani. Kuna tuta refu la maua linalochanganya kila rangi bila aibu, kuna miti ya yew iliyokatwa ikawa na maumbo ya ndege, kuna majani yanayoachwa marefu hadi Agosti ili okidi na maua mengine ya porini yadondoshe mbegu kwanza ndipo wakate. Mgeni asiyejua anadhani mtunza bustani amegoma.

Halafu tukapita kwenye upenyo wa ua wa miti, Koku, nikasimama. Migomba!

Si mmoja uliowekwa kwenye chungu. Migomba imesimama ardhini, mirefu kuliko mimi, majani yamechanwa na upepo vile vile kama kwetu, na chini yake magimbi, na minyonyo yenye majani mekundu, hii hii minyonyo inayojiotea nyuma ya choo cha Ta Justo, hapa ina kibao cha jina. Na yale maua mekundu ya kana tunayopanda makaburini. Nikajikuta nimeshika shina, nimebonyeza kwa kidole kuona kama lina maji. Lilikuwa na maji. Mama mmoja wa Kiingereza akanitazama kana kwamba nataka kuliiba.

Usianze kuagiza mkungu. Mgomba wao huo asili yake ni China ya kusini, hauzai kitu cha kuliwa, ila unavumilia baridi. Ikifika kipupwe mashina wanayafunika kwa majani makavu yasigande. Mashina yanavishwa koti! Nikamwambia mzee kwetu ni mgomba unaomvisha mtu, akacheka hadi akakohoa, ikabidi nimpe maji.

Lakini kicheko chake kiliishia hapo. Akanyoosha fimbo akasema, "Hii ilikuwa bustani ya waridi." Alivyolisema, ungedhani amefiwa.

Kisa chenyewe ni hiki, na ndicho nilichotaka kukuambia tangu mwanzo. Mahali pale palikuwa zizi la ng'ombe. Banda lao bado lipo pembeni. Lutyens akapafanya bustani ya waridi kwa ajili ya familia ya Lloyd. Mtoto wa mwisho katika sita, Christopher, aliyezaliwa humo humo mwaka 1921, ndiye aliyekuja kuishika bustani. Mama yake, Daisy, ndiye aliyemfundisha mimea tangu utotoni. Huyo Christopher akawa mwandishi mkubwa wa mambo ya bustani, safu yake ilitoka kila wiki kwa zaidi ya miaka 40. Sasa ile miwaridi ikaanza kudhoofu. Waridi ina tabia hiyo: ukikaa nayo sehemu moja miongo na miongo, udongo unaichoka, na ukichomeka mche mpya pale pale pa ule wa zamani, unadumaa. Walijaza, wakajaza tena, wapi. Mwaka 1993, akiwa na miaka zaidi ya 70, yeye na mkuu wake wa bustani, Fergus Garrett, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi, wakachukua majembe wakaing'oa miwaridi. Karibu yote. Wakapanda migomba, kana, dahlia na majani makubwa ya nchi za joto, ndani ya uzio wa kazi ya Lutyens!

Watu walikasirika, tena sana. Wapo waliolia kwamba ameharibu kazi ya mkubwa, ametukana baba na mama yake. Mzee wangu ni mmojawapo, na mpaka leo hajamsamehe, ingawa Lloyd alifariki mwaka 2006. Lakini nikamuuliza, sasa mbona kila mwaka unataka kuja? Akanyamaza. Kisha akaniomba nimsogeze karibu na dahlia, ile nyekundu iliyokolea karibu na weusi, akaishika kwa viganja viwili na hakuniambia kitu tena mpaka tulipokwenda kunywa chai.

Ndiyo maana nakuandikia. Kaka yako anasema kung'oa ni kumzika baba mara ya pili. Namwelewa, waitu, mimi pia nilikula ndizi za kibanja kile kabla sijajua kusoma. Lakini mnyauko si udongo uliochoka, Koku. Waridi iliyodumaa inakusubiri. Mnyauko hausubiri mtu. Ukikata kidole cha ndizi ukakuta kimeoza ndani na shina linatoka ute wa njano, huo unakwenda kwa jirani kwa panga lako mwenyewe, na wadudu wanaubeba kutoka kwenye ua la chini la mkungu. Najua mabwana shamba walishakuambia: shina lililougua litolewe, ua likatwe kwa kijiti chenye panda bila kuligusa kwa kisu, panga lipitishwe kwenye moto au jiki kila unapohama shina. Kaka yako anafanya hata hilo la panga? Au ndiyo anapita na panga moja kibanja kizima huku anaimba?

Na kitu kingine kinachonikera. Anasema migomba ya baba, migomba ya baba. Baba yenu mwenyewe si alikuta pale mibuni mitupu ya babu, akang'oa nusu? Ma Geni anakumbuka, muulize mbele ya Deo. Mzee yule alikuwa anahamisha hata choo kila akipata wazo jipya. Na samadi iliyokilisha kibanja chote ilitoka kwa ng'ombe ambao nao walishauzwa kulipa ada zenu. Sasa leo nani aliyeamua kwamba hesabu ianzie mwaka aliokufa?

Pale Dixter nimeambiwa kitu kilichonishangaza. Miaka michache iliyopita walileta wataalamu wa wadudu, ndege na mimea kuhesabu viumbe katika mali yote: misitu, mabwawa, majani na bustani. Mahali palipoonekana pana utajiri mkubwa zaidi ni bustani yenyewe, ile inayochimbuliwa na kupandwa upya kila msimu. Vijana wanatoka nchi mbalimbali kuja kujifunza hapo. Nikawaona wamepiga magoti kwenye matope, mmoja kavaa kofia ya sufu, anachagua vikonyo vilivyooza kimoja kimoja, mkono umekuwa mweusi hadi kwenye kiwiko. Nikamkumbuka Ta Justo, ila huyu analipwa. Kidogo, lakini analipwa.

Basi, mimi si mtu wa kukuamulia. Kibanja ni chenu. Nasema tu ukimpata kaka yako akiwa ameshiba, umweleze habari ya huyu Lloyd. Usimwambie imetoka kwangu, atasema nimeharibiwa na Wazungu.

Sasa nijibu, tafadhali, na si kwa emoji. Ni mashina mangapi yameshaugua kweli, na yapo upande gani, juu kwa Ma Geni au kule chini? Kuna miche safi mnaweza kuipata, au bado kila mtu anapeana machipukizi na jirani? Mama anasemaje yeye mwenyewe, maana nyote mnamnukuu lakini sijasikia sauti yake? Kama mkilazimika kukaa bila ndizi msimu mzima mtakula nini, nianze kutenga kitu kila mwezi? Na yule bwana wa kilimo aliyekuwa anapita na pikipiki nyekundu, bado anapita, au naye amehamishwa?

Wako,
Adela