Viwanja vya Dodoma muwe mnatuonesha mwezi wa kwanza, sio wa nane

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, na nianze kwa kukiri kabisa kwamba mjinga wa kwanza kwenye hii stori ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2017, kipindi kile kila mtu anakimbilia Dodoma baada ya serikali kutangaza inahamia huku, nilinunua kiwanja pembezoni mwa mji. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo unapiga vumbi mpaka chai unakunywa na mchanga, ardhi imepasuka nyufa za kuingiza mkono, na ubavuni mwa kiwanja kuna kamchanga keupe kasafi kamelala utafikiri kamemwagwa na lori. Dalali akaniambia bosi wewe una bahati, mchanga wa kujengea unao hapohapo, hununui hata tripu moja. Nikafurahi! Sikujiuliza huo mchanga kauleta nani. Mzee mmoja wa Kigogo alikuwa anachunga mbuzi jirani, akatusalimia mbukwenyi, nikampa shikamoo yake, akasema wajukuu zangu hapo ni njia ya maji. Dalali akacheka, eti huyu mzee hataki wageni. Tukaenda kwa mwenyekiti tukasaini, hela ikahesabiwa, nikaondoka na karatasi yangu.

Wanaoijua Dodoma mshajua kilichofuata. Pale ni korongo.

Shida ni kwamba watu tunadhani mafuriko ni mambo ya Dar. Dodoma kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600 hivi wakati Dar inapita 1,000, sasa ukisikia hivyo unaona huku ni salama, kumbe hiyo kidogo yetu inajibana kuanzia Desemba mpaka Aprili na hata hapo inakuja kwa mafungu, inaweza kunyamaza wiki mbili halafu jioni moja ikashuka yote, na ardhi yenyewe ngumu haina majani, maji hayapati muda wa kuzama, yanakimbia tu kutafuta bondeni. Saa kumi korongo kavu watoto wanacheza mpira, saa kumi na moja linasukuma bajaji. Tena mvua yenyewe unaweza usiione, imepiga huko vilimani wewe kwako kuna jua. Masika ya kuingia 2020 mimi maji yaliniingia ndani mpaka usawa wa soketi, tukalala juu ya meza na mama watoto, godoro tulikuja kulitupa.

Na kuna kitu sijaona watu wanakisema, ukuta. Kila anayepata hela Dodoma anaanza na fensi, tena tofali za kuchoma kutoka chini mpaka juu hamna hata tundu. Maji yaliyokuwa yanapita kwenye kiwanja cha mtu sasa yanagonga ukuta yanageuka kwa jirani, jirani naye mwakani anajenga wake, yanakwenda kwa wa tatu, mwisho yanamkuta mjane mwenye kibanda cha matope asiye na uwezo wa ukuta. Hapo hujaweka mabati yetu yanayomwaga maji yote barabarani na mitaro ambayo ikifika nusu njia inaishia kwenye shamba la mtu. Mimi mwenyewe nilijenga ukuta 2021, sijisafishi, kwa hiyo najua ninachokisema.

Zile nyufa nazo nilizipuuza. Ule ni udongo mweusi wa mbuga, ukinywa maji unavimba na ukikauka unasinyaa, msingi wa tofali mbili za haraka haraka hauwezi. Fundi ananiambia leo, baada ya ukuta kupasuka kuanzia dirishani, kwamba angechimba mpaka chini ya huo udongo na kuweka mkanda wa nondo. Sasa si ungesema siku ile fundi wangu?

Mtaniambia sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Ila sisi huku tunaijua sheria siku anapokuja mtu na rangi nyekundu kupiga X ya kubomoa, nyumba ishapauliwa, umeme ushaingia, na tulishalipa kodi za kutosha. Jangwani kule Dar watu walihamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 na wengine walirudi, maana maisha yao yalikuwa palepale. Na Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang lilishuka likaua watu zaidi ya 80, wale wengi wao wala hawakuvunja sheria ya mtu, walikuwa kwenye mji wao.

Ninachoomba mimi ni kidogo tu. Korongo liwekewe nguzo za zege zenye rangi, pande zote mbili, KABLA viwanja havijapimwa, na mwenyekiti asigonge muhuri wa mauziano kama kuna nguzo ndani ya kiwanja. Na wazee wa pale waulizwe, walipwe hata posho, wao wanajua maji yalifika wapi miaka ya nyuma kuliko ramani zote. Si wazee haohao waliotuachia hadithi ya tembo aliyezama kwenye tope pale Kikuyu, hapahapa Dodoma, wakasema idodomya, imezama, na mji ukapata jina? Yani tumehamia mji unaoitwa Imezama tukashangaa kuzama.

Mi kwangu ile alama ya tope ya 2020 sijaipaka rangi mpaka leo, iko sebuleni juu ya soketi. Mtu akija kuulizia viwanja vya jirani huwa namkaribisha ndani aione kwanza. Yule dalali siku hizi hanisalimii.

Mkazi wa Dodoma