Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kobe

Tanga, Jumapili

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zangu na za mama yako zikufikie. Sisi ni wazima, isipokuwa goti la mama yako ambalo bado linamsumbua asubuhi. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu safari ya Kobe, huko Japani, na nimeitazama picha ya chumba ulichokichagua. Chumba ni kisafi na bei yake ni nafuu kweli. Lakini katikati ya maelezo yako umepitisha jambo moja haraka haraka, kama mtu anayepitisha mzigo mbele ya afisa wa forodha huku akiomba asiulizwe: kwamba nyumba hiyo haina mapokezi, na kwamba mgeni hutumiwa namba za kufungulia mlango kwenye simu, akaingia mwenyewe. Baba yako amekuwa karani wa bandari. Mzigo wa namna hiyo anajua pa kuusimamisha.

Ndege yako inatua Kansai jioni. Uwanja huo umejengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na watu katika ghuba ya Osaka, wala hauko Kobe kwenyewe. Utapanga foleni ya uhamiaji, utachukuliwa alama za vidole na picha, utasubiri mizigo, kisha utapanda basi linalotumia zaidi ya saa moja hadi Sannomiya, ambako ndiko katikati ya mji. Mambo yakienda vizuri utashuka saa tatu usiku, na yasipokwenda vizuri itakuwa saa nne au tano. Wakati huo simu yako itakuwa na laini ya Tanzania isiyoshika mtandao. Sasa hizo namba za mlango zitakufikia kwa njia gani? Na hata zikikufikia, mlango ukikataa kufunguka, utambishia hodi nani, katika mtaa ambao wewe huwezi kuyasoma hata maandishi ya ukutani?

Sababu ya kulishikilia jambo hili unaijua. Habari za ile stendi ya Morogoro hazihitaji kurudiwa, na ikiwa mtu aliyepaswa kuwapo pale hakuwapo, sababu zake alizieleza wakati ule. Mama yako anasema wasiwasi wangu unatoka Morogoro na si Japani. Huenda. Hata hivyo swali langu linabaki palepale: usiku huo, nani atakuwa macho akikungoja?

Usidhani napinga kwa sababu sijui mambo ya sasa. Nimekaa na binamu yako mbele ya kompyuta jioni nzima, na nimeelewa kwamba wenzetu wameliwekea jambo hili utaratibu. Tangu Juni 2018 Japani ina sheria ya nyumba za watu binafsi zinazopokea wageni: nyumba lazima isajiliwe, namba ya usajili ionekane, na haiwezi kupokea wageni zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Mwenye nyumba asipokaa hapo, humkabidhi msimamizi aliyesajiliwa. Mwaka huohuo walilegeza pia masharti ya hoteli, hivi kwamba hoteli inaweza kutumia mitambo badala ya meza ya mapokezi. Kwa hiyo chumba chako huenda ni halali kabisa, mradi namba ya usajili ipo; nawe katika ujumbe wako hukuitaja, jambo linaloonyesha kwamba hukuitafuta. Lakini uhalali ni jambo moja, na mtu wa kukufungulia mlango ni jambo lingine.

Mkutano wenu uko Port Island, nacho pia ni kisiwa cha kutengenezwa, mbele ya Sannomiya. Hapo jirani na ukumbi, kwenye kituo cha Shimin Hiroba, ipo Hoteli ya Portopia, kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1981. Bei yake inategemea siku, na mara nyingi itazidi fungu ulilopewa na ofisi, lakini ukitazama mapema unaweza kukuta usiku wa katikati ya juma una nafuu. Usiku wa Jumamosi na usiku wa kuamkia sikukuu ndio ghali kupita wote nchini humo, na Novemba ina sikukuu mbili, tarehe 3 na tarehe 23. Portopia ikikushinda, tafuta Sannomiya penyewe, karibu na stesheni. Ziko hoteli za wasafiri wa kikazi, vyumba vidogo visivyo na madoido, ambazo mtu mmoja hulala kwa yeni elfu 8 hadi elfu 15, ikitegemea siku. Zile za Toyoko Inn hutoa kifunguakinywa bila malipo ya ziada. Kutoka Sannomiya hadi ukumbini ni kama dakika kumi kwa treni ya Portliner, ambayo binamu yako ananiambia inajiendesha bila dereva. Hiyo nimeikubali, kwa kuwa haina njia nyingine ya kupanda. Mapokezi yasiyo na mtu sikubali.

Utakapoitazama ramani, zingatia kwamba Kobe ni mji mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Rokko na bahari, na wenyeji huelekezana kwa upande wa mlimani na upande wa baharini. Upande wa baharini ni tambarare. Upande wa mlimani kuna mitaa ya baa zenye kelele usiku, kisha ardhi inapanda kuelekea Kitano, kwenye nyumba za kale za wafanyabiashara wa kigeni. Hapo pana mvuto, lakini hoteli iliyoandikwa kuwa dakika kumi kutoka stesheni inaweza kuwa dakika kumi za kupanda mlima na sanduku. Hata hivyo upande huohuo ndiko uliko Msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, ambao mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995 viliuacha umesimama. Karibu nao yapo maduka na mikahawa ya chakula halali. Ukipata hoteli kati ya stesheni na msikiti, mahali pasipokuwa na mwinuko mkubwa, utakuwa umepata vyote, na mimi nitaswali kwa utulivu zaidi.

Sasa hili la kulala wawili na mwenzako ili kupunguza gharama. Wazo ni jema, nami nakusifu kwa kutotapanya fedha za watu. Katika hilo umemfuata mama yako. Lakini chumba ulichokitaja ni cha kitanda kinachoitwa semi-double, na vitanda hivyo mara nyingi vina upana wa kama sentimita 120. Watu wazima wawili, siku nzima wako mkutanoni, usiku wapigane viwiko? Chagueni chumba cha vitanda viwili, kinachoitwa twin, na muangalie kwa makini kama bei inayoonyeshwa ni ya chumba au ya kila mtu, kwa sababu Wajapani wana desturi ya kutoza kwa kichwa, na mgeni huona nusu ya bei akafurahi bure. Mtaje idadi yenu halisi. Chagueni chumba kisichoruhusu sigara, maana vya sigara bado vipo na mara nyingine huwa ndivyo vya bei ya chini, nacho kifua chako hakipatani na moshi.

Kuhusu malipo, viza bado hujapata, na ubalozi huko Dar es Salaam unataka kuona ratiba ya ukaaji wako, pamoja na mahali utakapolala. Kwa hiyo nafasi lazima uiweke kabla ya viza, na busara ni kuweka nafasi inayoweza kufutwa bila kukatwa fedha hadi siku chache kabla ya kufika. Ile bei pungufu isiyorudishwa iache. Chumba chako kile, kwa jinsi nilivyosoma kwenye picha, ni cha kulipa chote mapema bila kurudishiwa, na hukulitaja hilo nalo. Jina uliandike kama lilivyo katika pasipoti, majina yote kwa mpangilio uleule, kwa kuwa sheria yao inawataka wenye hoteli wachukue namba ya pasipoti ya mgeni asiye na makazi nchini, na kwa kawaida hutoa nakala yake. Kadi ya benki uifanyie majaribio ya kununulia mtandaoni kabla ya siku yenyewe, kisha ubebe na yeni taslimu za kutosha usiku wa kwanza.

Tarehe pia uzihesabu vizuri. Ukiondoka Dar es Salaam Jumamosi utafika Jumapili, na Japani imetutangulia saa sita. Kwa hiyo usiku wako wa kwanza hotelini ni wa Jumapili, si wa Jumamosi. Mgeni asipotokea usiku wa kwanza bila taarifa, hoteli inaweza kuufuta ukaaji wake wote. Watakuuliza saa ya kufika. Waandikie saa tano usiku hata kama unatumaini kuwahi, na ukichelewa zaidi uwapigie. Chumba kwa kawaida hutolewa kuanzia saa tisa alasiri na hurudishwa saa nne au saa tano asubuhi. Hoteli ndogo nyingine hufunga mapokezi usiku, kwa hiyo usione neno mapokezi ukaridhika: uliza kama pana mtu saa ishirini na nne. Waulize kwa maandishi, nao watakujibu kwa maandishi, na jibu hilo unitumie.

Mama yako hakutaka niandike habari ya matetemeko, lakini wewe ni mhandisi na hutishwi na hesabu. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, watu wakiwa wamelala, ardhi ya Kobe ilitikisika na zaidi ya watu 6,400 wakafa. Port Island penyewe udongo uligeuka tope. Majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya kizamani, kwa kuwa kanuni kali za kuhimili matetemeko zilianza Juni 1981. Basi chagua jengo lililojengwa chini ya kanuni hizo au lililoimarishwa baadaye, na mengi ya mjini sasa ni hivyo. Ukiingia chumbani, kabla ya kuvua viatu, itazame ramani ya kutokea iliyo nyuma ya mlango, na utafute tochi, ambayo mara nyingi huwekwa karibu na kitanda. Lakini tochi haisemi. Ardhi ikitikisika alfajiri katika nyumba ya kujifungulia mwenyewe, tangazo litatoka kwa Kijapani, majirani watakimbia, nawe utabaki na namba zako za mlango. Hotelini atakuwapo mtu mwenye sare atakayekuonyesha ngazi kwa mkono. Hilo ndilo ninalolilipia.

Ndiyo, nimesema kulilipia. Pengo kati ya fedha ya ofisi na bei ya hoteli yenye watu nitaliziba kwa hisa zangu za ushirika. Usibishane nami kwa simu; mama yako ameshanibishia vya kutosha.

Ule usiku mmoja wa Arima, kwenye chemchemi za maji moto, sioni haja yake. Nyumba za wageni za kule hutoza kwa kila mtu pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, chakula huletwa kwa saa maalumu, na kama hukuwaarifu mapema utaletewa vitu usivyokula, vingine vimepikwa kwa pombe bila wewe kujua. Bafu lao ni la pamoja, wanawake peke yao, lakini huingiwa bila nguo hata moja. Nenda mchana kwa basi, ni karibu, uyatazame maji yao yenye rangi ya kutu, kisha urudi hotelini ulale mahali panapojulikana.

Usibebe pasi. Umeme wao ni volti 100 na soketi zao ni za pini mbili bapa, hivyo pasi yetu haitapata moto wa kutosha. Chaja ya simu itafanya kazi, ila nunua kigeuzi cha plagi hapo Kariakoo. Mapokezi huazima pasi na mambo kama hayo. Nyumba isiyo na mtu haikuazimi kitu.

Hapa nyumbani bati la jikoni limetoboka tena upande wa mwembeni, na fundi anataka nusu ya malipo kabla ya kupanda. Mdogo wako amefaulu hesabu, kisha akapoteza sweta la shule. Shangazi yako wa Pangani anauliza kama utaweza kumletea kisu cha Kijapani cha kuparuzia samaki. Nimemwambia unakwenda kazini, lakini ukikiona, uweke katika sanduku la chini na si katika begi la mkononi.

Chumba kile kifute leo, kama bado hujakilipia. Kama umekwisha kukilipia, niambie kiasi, nisikie kwako kabla sijasikia kwa binamu yako. Kisha nitumie jina la hoteli mpya, anwani yake kwa maandishi ya Kijapani ili uweze kumwonyesha dereva wa teksi, namba ya simu ya mapokezi na namba ya nafasi yako. Nitapiga simu mwenyewe usiku mmoja, saa nane za usiku kwa saa za kwao, nione kama itapokelewa.

Ni mimi baba yako.