Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Shughuli, Ada, na Suala la Fedha za Kuzibua Mshipa

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wa chama chetu cha wagonjwa wa kiharusi na familia zao, ndugu wauguzaji,

Asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Kabla ya yote, nawashukuru kwa kusimama dakika moja kuwakumbuka wenzetu wanne waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Mungu awapumzishe.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha nazo. Mazoezi ya viungo ya kila Jumamosi yameendelea. Tulipima presha na sukari mara mbili, Mbagala na Buguruni. Tuliwatembelea wagonjwa 31 majumbani, tukatoa viti vya magurudumu 5 na fimbo 14, na tarehe 29 Oktoba tuliadhimisha Siku ya Kiharusi Duniani. Mengine yamo kwenye taarifa ya Katibu.

Kuhusu ada, naomba nisizunguke. Tumeandikishwa wanachama 164. Hadi tarehe 30 Novemba waliolipa ada ya mwaka, shilingi 24,000, ni 58. Yaani wanachama 106 hawajatoa hata senti, na baadhi yao ndio wenye sauti kubwa kwenye kundi letu la WhatsApp wakihoji fedha zinakwenda wapi. Mweka Hazina amepiga simu mpaka amechoka. Mimi mwenyewe nimelipia wanachama watatu kutoka mfukoni mwangu, wajane, na sikutangaza hadi leo. Vikao vya kawaida vilikuwa sita, na viwili tu ndivyo vilivyotimiza akidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo.

Mwezi Mei familia ya mwenzetu mmoja ilituandikia barua kuomba shilingi milioni 18 kutoka Mfuko wa Dharura, ambao siku ile ulikuwa na milioni 21 na laki tatu. Mwenzetu alikuwa amepata kiharusi cha pili siku 26 kabla ya barua hiyo. Wakala mmoja wa safari za matibabu aliiambia familia kwamba kuna hospitali nje ya nchi inayozibua mshipa wa ubongo kwa mrija: donge la damu linatolewa, mgonjwa anaamka na kutembea. Walioneshwa na video.

Kamati ilikaa saa nne nzima. Kura zikalingana, watatu kwa watatu, na kwa mujibu wa Katiba yetu kura ya Mwenyekiti ikaamua. Nilipiga kura ya hapana. Tangu siku hiyo nimeambiwa kwamba nimemhukumu mtu kulala kitandani maisha yake yote. Limesemwa kwenye simu, limesemwa msibani, limesemwa hata mbele ya mke wangu. Nimenyamaza kwa miezi saba kwa sababu mahali pa kujibu ni hapa.

Sikukataa kwa sababu tiba hiyo ni ya uongo. Ni tiba ya kweli. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, akaupandisha hadi kwenye ubongo mahali palipoziba, akalinasa donge la damu kwa kiwavu kidogo cha chuma au kulifyonza, kisha akalivuta nje. Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilitokwa na machozi, nikimkumbuka mke wangu siku alipopata kiharusi.

Lakini tiba hii haikuaminiwa kwa sababu ya video. Ilipimwa, na ilipopimwa mwanzo ilianguka. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya majaribio matatu makubwa, na hakuna hata moja lililoonesha kwamba mrija ulimsaidia mgonjwa kuliko tiba ya kawaida. Wengi walisema basi, tuachane nayo. Walipochunguza sababu ikaonekana kwamba wagonjwa wengi walipelekwa mezani bila picha ya kuthibitisha kwamba mshipa mkubwa umeziba kweli, vifaa vingi vilikuwa vya kizamani, na muda mwingi ulipotea kabla mshipa haujafunguliwa.

Waholanzi ndio waliogeuza mambo, kwa jaribio lililoitwa MR CLEAN. Lilihusisha hospitali 16 na wagonjwa 500, wote wenye mshipa mkubwa uliozibwa na picha ya kuthibitisha, na tiba ilipaswa kuanza ndani ya saa 6 tangu dalili. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitolewa donge juu ya tiba ya kawaida, wengine wakapewa tiba ya kawaida peke yake. Baada ya siku 90, waliokuwa wanaweza kujihudumia wenyewe walikuwa karibu 33 kwa kila 100 kwenye kundi la mrija, na 19 kwa kila 100 kwenye kundi lingine. Tofauti ni kubwa sana, lakini angalieni pia upande wa pili wa hesabu hiyo: hata kwa waliotibiwa mapema, Uholanzi, kwenye hospitali zilizokamilika, theluthi mbili hawakufikia kujihudumia. Yule wakala hakuiambia familia hivyo.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliosema kwamba wenye fedha hawana haki ya kumnyima mgonjwa tiba. Kuanzia mwaka 2013, Uholanzi, tiba hii ililipiwa tu kwa mgonjwa aliyeingia kwenye jaribio. Nje ya jaribio, hakuna malipo. Watu wale hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wanasema: hatulipii matumaini, tunalipia kujua. Jibu likapatikana, na baada ya hapo majaribio mengine yakasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshadhihirika. Lile lililoongozwa na Wakanada, ESCAPE, liliwapata 53 kwa kila 100 wakijihudumia, dhidi ya 29. Leo wagonjwa wengi duniani wanatibiwa kwa sababu kuna watu walikubali kusubiri jibu.

Mama mmoja kwenye kikao cha Agosti aliuliza kwa uchungu: wale waliopata kundi la pili, lisilotolewa donge, si walionewa? Swali lake ni la haki, na nililala nalo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba siku ile hakuna aliyejua kundi lipi ndilo lenye nafuu. Mrija unaweza kutoboa mshipa, unaweza kusukuma kipande cha donge mbele zaidi. Majaribio ya 2013 yalikuwa yameshindwa. Na kundi la pili halikuachwa hivi hivi: lilipata kila tiba iliyokuwa ya kawaida wakati ule, pamoja na dawa ya kuyeyusha donge kwa waliostahili.

Wengine mkasema hayo ni ya Wazungu. Brazil walifanya jaribio lao, RESILIENT, kwenye hospitali 12 za umma, zinazotibu watu wa kawaida, wagonjwa 221, ndani ya saa 8. Matokeo yakatoka 2020: 35 kwa 100 dhidi ya 20. Kwangu hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linasema nchi isiyo tajiri sana inaweza. Nimelitaja kwa kila kiongozi niliyekutana naye mwaka huu.

Sasa ile hoja kuu mliyonirushia: "Mwenyekiti, mbona wanasema tiba inafaa hadi saa 24?" Ni kweli. Jaribio la DAWN, lililotangazwa mwishoni mwa 2017, liliwachukua wagonjwa 206 kati ya saa 6 na saa 24 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho, na 49 kwa 100 wakaweza kujihudumia dhidi ya 13. Ila hawakuchukuliwa wote waliofika. Walichaguliwa wale ambao ulemavu wao ulikuwa mkubwa kuliko kidonda kilichoonekana kwenye picha ya ubongo. Maana yake, sehemu ya ubongo ilikuwa imezimia lakini haijafa, ikilishwa na vijimshipa vya pembeni. Hiyo ndiyo sehemu inayookolewa. Iliyokufa hairudi, hata ukiufungua mshipa wote. Na kuurudishia damu kwa nguvu ubongo uliokwisha kufa kunaweza kuufanya uvuje.

Siku 26 ni saa 624.

Nilikwenda na karatasi za vipimo vya mwenzetu kwa madaktari wawili, kwa nauli yangu, siku mbili tofauti. Wote wawili waliniambia jambo lilelile: eneo lililokufa linaonekana wazi, hakuna cha kuokoa kwa mrija. Niliyaeleza haya kwenye kamati. Wajumbe watatu hawakuridhika, na nawaheshimu. Lakini kama ningekubali, tungebaki na milioni tatu na laki tatu, mgonjwa angesafirishwa akiwa dhaifu, na angerudi vilevile, au asirudi.

Badala yake kamati ilipitisha shilingi milioni 2 na laki nne za mazoezi ya viungo nyumbani kwa miezi sita, pamoja na kiti. Familia ilizikataa kwa miezi miwili, baadaye ikazipokea. Leo mwenzetu anasimama akishika ukuta. Kauli haijarudi. Sisemi kwamba hali hiyo ni matunda ya uamuzi wangu. Nasema tu kwamba ombi kama lile likija tena siku ya 26, kura yangu ni ileile.

Na ndiyo maana nilisisitiza mafunzo ya Septemba, ambayo nayo yamelalamikiwa kwamba yaligharimu 1,150,000. Nilitaka kila nyumba ijue mambo matatu: uso umepinda, mkono umelegea, kauli imekwama, basi mtu anapelekwa hospitali yenye kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ubongo, saa ileile, bila kupitia kwingine, kwa sababu picha ndiyo inayotofautisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Mke wangu alianguka saa 12 asubuhi mwaka 2016. Nikamsubiri kaka yake, tukapita zahanati mbili, jirani akashauri tumwite mzee wa dawa kwa kuwa alidhani ni upepo mbaya. Picha ilipigwa saa 11 jioni. Mkono wake wa kulia haujafanya kazi tangu siku hiyo. Inakadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba ubongo hupoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika. Zidisheni wenyewe.

Tulialika watu 120 kwenye mafunzo hayo. Chakula kiliandaliwa cha 120. Walifika 19, na kati yao saba si wanachama. Nilisimama pale mlangoni hadi saa tano nikitazama barabara. Jambo hili limeniuma kuliko matusi yote ya mwaka huu.

Kuhusu mwakani, kamati inatarajia kurudia mafunzo kwa ngazi ya mtaa, pengine kupitia madereva wa bajaji na bodaboda, maana wao ndio wanaombeba mgonjwa kwanza. Tunatarajia pia kuendelea kuwakumbusha wakubwa habari ya Brazil, fedha na nafasi zikiruhusu. Wapo waliotaka tiba ya mrija ijaribiwe kwa kila mshipa hata mdogo. Majaribio mawili ya 2025, ESCAPE-MeVO na DISTAL, hayakuona faida kwenye mishipa ya kati na midogo, kwa hiyo hata tutakapoomba, tuombe kwa akili.

Mfuko wa Dharura leo una shilingi milioni 17 na elfu themanini. Mweka Hazina amekaa meza ya nyuma na kitabu cha stakabadhi. Wenye kudaiwa ada wanaweza kumwona sasa hivi, kabla ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti