Filamu Ishirini kwa CD Moja: Kwa Nini Sisi Hatuziuzi

Jumamosi iliyopita dada mmoja aliingia dukani kwetu Magomeni na CD mkononi, haina hata kava, akaiweka juu ya meza mbele ya wateja watano. "Kaka, mmeniibia." Ilikuwa filamu ya Kihindi aliyoinunua kwetu siku mbili kabla. Alisema picha inaganda katikati halafu inaendelea, na jirani yake amemwambia hiyo ndiyo dalili ya CD feki. Kisha akatoa lile neno ninalolisikia karibu kila wiki: "Na sokoni kule napata filamu ishirini kwa bei ya hii moja yenu."

Tuliiweka kwenye deki ya dukani, tukaikimbiza mbele hadi saa moja na dakika kadhaa. Kweli, picha ikasita kama mtu anayevuta pumzi, ikaendelea. CD ile ni nzima kabisa. (CD ndivyo tunavyoziita mtaani, lakini hizi za filamu ni DVD.) DVD ya kiwandani inayobeba filamu ndefu huwa na matabaka mawili ya data, moja juu ya lingine, yote kwa pamoja GB 8.5. Lenzi ya deki ikimaliza tabaka la kwanza hulazimika kulenga upya ili isome la pili, na hapo ndipo picha husita kidogo. Ile ya tabaka moja hubeba GB 4.7 na haina kusita huko. Hizi zinazochomwa mitaani karibu zote ni za tabaka moja. Kwa hiyo dada alikuwa analalamikia kitu ambacho CD za bei ya chee hazina, kwa sababu zenyewe hazina nafasi ya kubeba filamu ile ilivyo.

Alielewa, akaichukua CD yake, tukaagana vizuri. Ila kati ya wale watano waliosikia "mmeniibia", wawili walikuwa wameshatoka kabla sijamaliza kueleza. Ndiyo maana nimeona niandike.

Tuanze na hizo ishirini kwa moja. GB 4.7 ukizigawa kwa filamu ishirini, kila moja inapata kama MB 235. Filamu ya saa mbili kwenye DVD ya kawaida inaijaza CD nzima peke yake, na nyingine inahitaji tabaka la pili. Huyo anayekuuzia ishirini amezibana kila moja mpaka ikabaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa. Tamthilia za Kikorea ndizo zinazoumia zaidi. Tamthilia ya kawaida ina vipindi 16 vya saa moja moja, na utaikuta yote kwenye CD moja, wakati seti halisi inakuja na CD kadhaa ndani ya boksi. Nyuso za waigizaji zinakuwa vipande vya mraba, giza linakuwa matope, maandishi ya chini hayasomeki.

Zamani mambo haya yalijificha. Kwenye TV ya kichogo ya inchi 14 au 21, filamu iliyobanwa ilionekana ya kuridhisha, kwa sababu kioo ni kidogo na chenyewe hakikuwa na ung'avu mkubwa. Sasa watu wamenunua flati za inchi 43 na 55. Picha ileile inavutwa ijaze kioo kikubwa, na kila doa linatoka nje. Baba mmoja mteja wetu aliirudisha TV yake mpya dukani alikoinunua mara mbili, akilipa bajaji kwenda na kurudi, akiamini kioo ni kibovu. Mara ya tatu alipitia kwetu kuuliza kama tunamjua fundi wa kuaminika. Nikamuuliza anatazama nini. CD za ishirini kwa moja. Nikamwazima filamu moja halisi ya ngumi, nikamwambia aitazame kwanza halafu ndiyo aende kwa fundi. Alinipigia saa tatu usiku, na nyuma yake nilisikia familia nzima inashangilia. Fedha alizowapa watu wa bajaji zingetosha filamu tatu.

Mama mwingine alibadilisha lenzi ya deki mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Nilimwomba aniletee CD anazotumia. Nyingi zilikuwa zimebandikwa karatasi yenye picha ya filamu juu yake, na karatasi nyingine zimeanza kubanduka pembeni. CD inazunguka kwa kasi kubwa mle ndani. Karatasi isiyokaa sawasawa inaifanya iyumbe, na lenzi inahangaika kuifuata. Fundi alibadilisha lenzi kwa uaminifu wake, lakini chanzo kilikuwa kinarudi ndani ya deki kila jioni.

Na kwa kuwa tumegusa CD zinazosumbua, naomba tuachane na kupaka dawa ya meno kwenye mikwaruzo. Najua kila mtaa una mtu aliyeipaka ikafanya kazi. Mimi nimezipokea zile ambazo haikufanya kazi, na ni nyingi. Chukua kitambaa laini kisicho na chembe, futa kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaozunguka unafuata njia ileile ambayo lenzi inasoma, na huo deki inashindwa kuuruka.

Sasa kuchagua. Mteja akisimama mlangoni akasema "nipe muvi kali", bado hajaniambia kitu. Kali kwa nani? Najua wengine wanaona maswali yetu ni mengi. Kuna kaka alinijibu, "We niuzie tu, huu si usaili." Lakini ninapouliza nani atakaa sebuleni, nauliza kwa sababu nimeshaona matokeo ya kutouliza.

Baba mmoja alichagua mwenyewe, haraka haraka, gari likiwa linaunguruma nje. Alichukua katuni kwa kuangalia kava, akaenda kuwawekea watoto wake wa miaka sita na minane, akalala. Mkewe ndiye aliyekuja kesho yake, na alikuwa na haki ya kukasirika. Katuni si zote za watoto. Ipo michoro iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, matusi na yote. Kwenye kava la Uingereza tafuta alama ya umri: U inafaa kwa wote, PG mzazi awe karibu, halafu 12, 15 na 18 zinajieleza zenyewe. La Marekani linaandika G (ya wote), PG, PG-13 (tahadhari kwa walio chini ya miaka 13) au R, na hiyo R maana yake kule sinema aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Alama hizo ni ndogo, zimekaa pembeni, lakini kwenye kava halisi zipo. CD iliyowekwa kwenye nailoni na karatasi ya fotokopi haikuambii lolote.

Lugha nayo inaharibu jioni nyingi. Bibi hasomi maandishi ya chini, wewe unamletea Kikorea chenye maandishi ya Kiingereza, unategemea afurahi vipi? Kiswahili ni nadra mno kukipata kwenye orodha ya lugha za DVD za nje. Soma nyuma ya kava, sehemu zile mbili, ya sauti na ya maandishi, kabla hujalipa. Kwa bibi wa namna hiyo tunashauri Bongo muvi, au filamu ya ngumi ambayo hata bila kuelewa maneno unajua stelingi ni nani na adui ni nani. Za kutafsiriwa, zile anazosimulia mtu juu ya sauti ya filamu, nazielewa na nimekua nazo kwenye vibanda umiza. Ila sauti ya msimulizi inafunika muziki na maneno ya waigizaji, na kwa picha la Kihindi lenye nyimbo nane hiyo ni hasara kubwa.

Hilo la nyimbo nilifundishwa na mzee mmoja. Alikuwa ametoka hospitali, amefanyiwa upasuaji wa mguu, yupo ndani wiki ya tatu. Vijana wake walikuja wakachukua filamu sita za ngumi na magari, wakasema baba achangamke. Baada ya siku nne wakarudi: mzee hatazami, anageukia ukutani. Nikawaomba nizungumze naye kwa simu. Hakukumbuka jina la filamu hata moja. Alichokumbuka ni kwamba ujana wake, Jumapili, alikuwa akienda sinema ya Avalon au Empire pale mjini, akipanga foleni ya tiketi, na kulikuwa na wimbo. Akauimba kwenye simu, sauti yenyewe dhaifu, Kihindi cha kuokoteza. Sikuujua. Nikampa simu mama yangu, ambaye alikuwa amekaa dukani siku hiyo, na yeye akaudaka ubeti wa pili. Filamu yenyewe ilituchukua siku tisa kuipata, kupitia kwa mfanyabiashara wa Kariakoo tunayechukulia kwake mzigo wa Kihindi. Iligharimu zaidi ya filamu zile sita zote. Mzee aliitazama kila siku hadi akaanza kutembea, na hadi leo anapita dukani kwa mkongojo wake kunisalimia.

Kazi ile ya siku tisa haionekani kwenye kibandiko cha bei, lakini imo.

Bongo muvi zina lalamiko lake. Mtu ananunua, anafika mahali patamu, picha inaandika itaendelea, anarudi akiwaka: "Mmenikatia muvi!" Filamu nyingi za nyumbani ziliuzwa kwa sehemu mbili, Part 1 na Part 2, kila moja na kava lake. Sisi tunaziuza kwa pamoja na tutakuambia kabla. Anayechukua Part 1 peke yake kwa kubana matumizi karibu kila mara anarudi, na siku nyingine anakuta Part 2 imekwisha. Angalia pia stika ya kodi ya TRA. Utaratibu wa stika kwenye kazi za filamu na muziki ulianza 2013, na kwa msanii wa nyumbani CD isiyo na stika ni jasho lake limepita mlango wa nyuma.

Jambo la mwisho ni mizigo ya ndugu walioko nje. Mzee wa Kigogo alitumiwa na mwanawe aliyeko Marekani katoni nzima ya DVD, mpya, na nailoni zake. Hata moja haikucheza. Akaja kwetu tumbadilishie, na akaona tunamnyima kwa makusudi. DVD zina kanda, yaani dunia imegawanywa maeneo yenye namba, na deki husoma DVD za eneo lake tu. Marekani na Kanada ni kanda 1. Ulaya, Japani, Oman na nchi za Ghuba, hata Afrika Kusini, ni kanda 2. Sisi Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India, ni kanda 5. Nyuma ya kava kuna kialama cha dunia chenye namba ndani; ukikuta 0 au ALL inacheza popote. Deki nyingi za bei nafuu za Kariakoo zimefunguliwa zisome kanda zote, lakini ya mzee haikuwa mojawapo.

Kijana wake wa hapa akasema hilo dogo, akahamia kwenye kompyuta. Kifaa cha kusomea DVD cha kompyuta kinaruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha kinajifunga pale ulipokiacha. Alibadilisha huku na huku kila filamu ilipokataa, hadi ikajifunga kwenye kanda 1. Sasa filamu za Marekani anatazama, na zile alizokuwa akinunua kwetu zenye kanda 5 haziingii tena. Angetuuliza kwanza, tungemwelekeza anunue deki iliyofunguliwa, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Na wanaoagizia nje wachunge kava la bluu lililoandikwa Blu-ray. Ukubwa wa CD ni uleule, lakini deki ya DVD haiwezi kuisoma hata ufanyeje, maana inasomwa kwa mwanga wa aina nyingine.

Kuhusu bei, filamu yetu halisi ya nje ni shilingi 10,000 na za mtumba safi 5,000. Za mtumba hazipandi rafu kabla ya kuchezwa: mwanzo, katikati, mwisho, na kwenye kila mkwaruzo tunaouona kwa jicho. Katika mzigo uliopita tulitupa 14. Hizo ni fedha zetu tulizozitupa ili wewe usizitupe zako. CD ikikataa, irudishe ndani ya siku tatu na kava lake na risiti, tunabadilisha bila maneno. Tusichobadilisha ni filamu uliyoitazama yote ukaona haikukufurahisha, ndiyo maana tunauliza maswali kabla.

Kwa hiyo ukija, njoo na mambo machache kichwani. Deki yako ni ya aina gani na imenunuliwa wapi. Piga picha ya mgongo wake kwa simu, inatosha. TV ni inchi ngapi. Watakaotazama ni akina nani, mdogo kuliko wote ana miaka mingapi, na kama kuna asiyesoma. Filamu moja ambayo nyumba nzima iliipenda, hata kama jina umelisahau. Ukikumbuka wimbo, uimbe. Mama yupo dukani Jumanne na Jumamosi.